Sura ya 6: Bendera Sita, Leso Sita

Ukishika barabara kuu namba 30 kutoka Dallas kwenda Fort Worth, ukifika Arlington utaona reli zilizojipinda juu ya miti na vigari vikishuka kwa kasi, watoto wameinua mikono. Hiyo ni bustani ya michezo ya Six Flags Over Texas. Ilifunguliwa mwaka 1961 na mfanyabiashara Angus Wynne, na jina lake maana yake ni bendera sita juu ya Texas: Hispania, Ufaransa, Mexico, Jamhuri ya Texas, Marekani, na lile Shirikisho la majimbo ya kusini lililojitenga mwaka 1861 ili kuulinda utumwa. Bustani iligawanywa mitaa sita, kila dola na mtaa wake. Mtoto aliweza kupanda mashua katika mtaa wa Ufaransa, akavuka hatua chache akawa yuko Mexico, kisha akarudi kwao kabla jua halijatua. Kwa miaka mingi bendera hizo zilipepea langoni kwa safu. Agosti 2017 zikashushwa, mahali pake zikapandishwa bendera sita za Marekani.

Naishi si mbali na hapo. Jumamosi moja mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na sita aliyezama katika michezo ya kompyuta na riwaya nene, alinijia na daftari la hesabu.

"Mjomba, mji wangu una miaka elfu tatu," akasema. "Umetekwa mara saba."

Alikuwa ameuchora vizuri: mto, kuta tatu za duara, mnara katikati. Pembeni aliorodhesha watekaji saba, kila mmoja na bendera yake iliyopakwa rangi bila kutoka nje ya mstari. Nikamuuliza, "Watu wa mji huu wakigombana sokoni, wanatukanana kwa lugha ya nani?"

Akaitazama karatasi yake kitambo. "Sijafika huko, Mjomba."

Sura hii inahusu huko ambako hakuwa amefika.

Foleni ya wafalme

Katika fantasia, yaani hadithi za ulimwengu uliobuniwa wenye miungu yake, ramani yake na miaka yake, mji mkongwe uliotekwa mara nyingi ni kipenzi cha waandishi. Sababu ni rahisi. Mji kama huo unampa msomaji hisia ya ukale tangu ukurasa wa kwanza. Ukitaja kwamba lango la mashariki lilijengwa na watu waliokwisha toweka, tayari umemfungulia mlango wa maelfu ya miaka.

Lakini waandishi wengi huishia kwenye orodha. Alikuja mfalme huyu, akafuatwa na yule, kisha jeshi la kaskazini, kisha la kusini. Historia inakuwa foleni ya waliouteka mji, na wenye mji hawaonekani. Hilo ndilo kosa la bustani ya Arlington pia, na bustani haikulibuni. Mwaka 1936, Texas ilipotimiza miaka 100 tangu kujitenga na Mexico, maonyesho makubwa yalifanyika Dallas, katika viwanja vya Fair Park. Mpaka leo kando ya dimbwi refu la viwanja hivyo zimesimama sanamu sita za wanawake, kila mmoja akiwakilisha dola mojawapo. Zinapendeza, na zimesimama mbalimbali. Hakuna inayoigusa mwenzake.

Mji halisi hauko hivyo. Mtekaji wa pili anakuta nyumba za wa kwanza, anaoa binti wa waliokuwepo, anakula chakula chao, anajifunza jina la mto kutoka kwa mvuvi. Akiondoka anaacha nusu ya vitu vyake. Mwandishi anayetaka mji wake uaminike ajiulize jambo moja kabla ya mengine: mtekaji alipoondoka, kilibaki nini, na nani alikigeuza kuwa chake?

Mtoto wa Peaster

Texas yenyewe ilimzaa mmoja wa mababa wa fantasia. Robert E. Howard alizaliwa tarehe 22 Januari 1906 katika kijiji cha Peaster, magharibi ya Fort Worth, akaishi sehemu kubwa ya maisha yake Cross Plains, mji mdogo uliovamiwa na wachimba mafuta alipokuwa kijana. Desemba 1932 jarida la Weird Tales lilichapisha hadithi ya kwanza ya shujaa wake Conan. Alifariki mwaka 1936, akiwa na miaka 30 tu.

Howard aliandika insha nzima ya historia ya ulimwengu wake, "The Hyborian Age", ili hadithi zake zisije zikapingana. Ndani yake makabila yanahama, falme zinainuka na kuanguka, jamii zinachanganyika hadi zinasahau asili yake. Majina aliyachagua kwa hila njema: Stygia, Aquilonia, Zingara. Ni majina ambayo msomaji wa Kimagharibi huhisi aliwahi kuyasikia mahali, lakini hakumbuki wapi. Ukale ukapatikana bila maelezo.

Katika riwaya yake ndefu, "The Hour of the Dragon", kuna dola ya Acheron, ambayo mji wake mkuu ni Python. Iliangushwa na washenzi kutoka kaskazini miaka elfu tatu kabla ya Conan. Anafufuliwa mchawi mmoja wa Acheron, Xaltotun, naye haoni kwamba falme za leo zina haki yoyote. Kwake yeye ardhi ile bado ni Acheron, iliyofunikwa tu. Hapa Howard alishika jambo la kweli: mji ulioshindwa haufi siku ya kushindwa. Unalala chini ya mwingine.

Ila tukiisoma historia yake kutoka juu hadi chini, tunawaona zaidi wapanda farasi na wafalme. Muuza mkate wa Python hatumjui. Ili kumpata huyo, itabidi tuondoke Texas kidogo twende nyumbani, pwani.

Mvita

Kama kuna mji wa kweli ambao mwandishi wa fantasia angeulilia, ni Mombasa. Jina lake la kale ni Mvita. Wengine hulifasiri kuwa ni mji wa vita, wengine hulirudisha kwa Shehe Mvita, anayetajwa katika masimulizi kuwa ndiye aliyepokea mji baada ya malkia Mwana Mkisi. Msafiri Ibn Battuta alilala usiku mmoja hapo mwaka 1331, akaikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi.

Baada ya hapo orodha ni ndefu. Mreno Vasco da Gama alitia nanga Aprili 1498, akaondoka bila kuelewana na wenyeji. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuuchoma. Nuno da Cunha akaurudia mwaka 1528 hadi 1529. Mwaka 1589 mji ulibanwa na Wareno baharini huku wapiganaji Wazimba wakingoja bara. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome ya mawe kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakaiita Fort Jesus. Mwaka 1631 wakanyang'anywa na Sultani Yusuf bin Hassan. Wakarudi mwaka 1632. Mwaka 1698 wakatolewa na Waomani baada ya kuzingirwa kwa miezi 33. Wakarudi tena mwaka 1728, na mwaka uliofuata wenyeji wakawafukuza moja kwa moja. Ukoo wa Wamazrui ukatawala hadi mwaka 1837, Sultani Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alipoutia mji mkononi. Mwaka 1895 wakaingia Waingereza, na bendera ya Sultani wa Zanzibar ikaendelea kupepea juu ya ngome hadi mwaka 1963.

Hapo nimefanya kile kile alichofanya mpwa wangu. Nimetoa orodha. Sasa tuingie chini yake.

Anza na neno "bendera" lenyewe. Ni la Kireno. Tunapohesabu bendera za waliotutawala, tunazihesabu kwa neno la mmoja wao. Kutoka kwao tumepata pia meza, kasha, kopo, mvinyo, karata na nanasi. Tazama yalivyo maneno ya kazi za kila siku: ya mezani, ya jikoni, ya barazani. Mreno alitawala pwani kwa zaidi ya karne moja na nusu, na kilichobaki kwake kinywani mwetu ni vyombo na matunda. Hatusali kwa maneno yake.

Neno moja lina hadithi ya kutosha riwaya nzima. Kwa Kireno kanisa huitwa "igreja". Wenyeji walilisikia neno hilo likitamkwa ndani ya ngome, wakaliita jengo la Wareno gereza. Ibada ikaondoka na waumini wake, neno likabaki juu ya kuta nene. Waingereza walipofika mwaka 1895 waliigeuza ngome kuwa jela, ikabaki jela hadi mwaka 1958. Leo mtoto wa Kiswahili anayesema "gereza" hana habari ya kanisa. Kanisa, ngome, kifungo: neno moja limebeba tawala tatu kama mpagazi asiyeulizwa mzigo ni wa nani.

Kisha sheria. Sultani wa Zanzibar aliachia ukanda wa pwani kwa mapatano ya Oktoba 1963, na katika mapatano hayo Jomo Kenyatta aliahidi kwamba mahakama za kadhi zitaendelea. Zimo hata katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 170. Bendera nyekundu ya Sultani ilishuka, lakini mjane wa Kiislamu wa Kibokoni akitaka kugawiwa mirathi bado anakwenda kwa kadhi.

Kisha watu. Yusuf bin Hassan ndiye mhusika ambaye mwandishi yeyote angetamani kumbuni. Baba yake aliuawa kwa njama za Wareno. Yeye akapelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa Dom Jerónimo, akalelewa kama Mreno, akaoa Mkristo, akarudishwa Mombasa kutawala kwa niaba yao. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudia jina lake la kwanza na dini ya baba yake. Mwaka mmoja baadaye aliibomoa sehemu ya ngome, akapanda merikebu, akaishia kuwa haramia wa baharini. Alikuwa mtekwa na mtekaji ndani ya ngozi moja. Bendera gani ingemtosha huyu?

Chini ya bendera za Texas

Turudi sasa Marekani tukiwa na macho mapya. Houston ilianzishwa Agosti 1836 na ndugu wawili, Augustus na John Allen, kando ya kijito kiitwacho Buffalo Bayou. Ikawa makao makuu ya Jamhuri ya Texas kuanzia mwaka 1837 hadi 1839. Kwa hesabu ya pwani yetu ni mji mchanga. Misikiti ya Mombasa imeupita kwa karne nyingi. Lakini simama juu ya daraja la kijito hicho usome kibao. "Bayou" ni neno la Wachoctaw, wenyeji wa asili, likachukuliwa na Wafaransa wa Louisiana, likaingia Kiingereza. Maji yanayopita katikati ya mji wa mafuta yanaitwa kwa neno la watu wasio na bendera, lililopita katika kinywa cha dola ambayo haikuwahi kuitawala Houston hata siku moja.

Dallas nayo ilianza mwaka 1841, pale John Neely Bryan alipoweka makazi kando ya mto Trinity. Jina la mto huo ni la Mhispania: Utatu Mtakatifu. Na kila mwaka Houston inapojaza uwanja kwa mashindano ya kuendesha ng'ombe na farasi, neno linalotumika ni "rodeo", la Kihispania. Mchunga ng'ombe wa Texas anayejulikana duniani kote, kofia pana, kamba na hatamu, ni mwanafunzi wa mchungaji wa Mexico.

Sheria? Ipo. Mwaka 1840 Bunge la Jamhuri ya Texas liliamua kufuata sheria za Kiingereza. Kwa sheria hizo, mwanamke aliyeolewa mali yake nyingi iliangukia mikononi mwa mumewe. Wabunge wale wale waliojivunia kuishinda Mexico wakaiacha kanuni moja ya Kihispania isimame: kinachochumwa katika ndoa ni cha mume na mke pamoja. Imesimama mpaka leo. Mama Mkenya anayefungua kesi ya talaka katika mahakama ya Dallas analindwa na kanuni iliyokuja na mapadre na askari wa mfalme wa Hispania. Linganisha na kadhi wa Mombasa utaona jambo linalojirudia: mtekaji mpya hubadilisha bendera siku ya kwanza, lakini ndoa na mirathi huzigusa kwa woga, kwa sababu hizo zimekwisha ingia ndani ya nyumba za watu.

Wasio na bendera

Maili chache kutoka kwenye ile bustani ya michezo kuna Ziwa Arlington. Lilitengenezwa miaka ya 1950 kwa kuuzuia mto mdogo wa Village Creek, yaani kijito cha vijiji. Vijiji vya nani? Tarehe 24 Mei 1841 Jenerali Edward Tarrant aliongoza kikosi cha watu wapatao 70 kuvishambulia vijiji vya Wacaddo, wenyeji wa asili, na jamaa zao vilivyopangana kandokando ya kijito hicho. Palikuwa na nyumba zaidi ya mia mbili na mashamba ya mahindi. Katika mapigano aliuawa mmoja wa viongozi wa washambuliaji, John Denton. Septemba 1843 ukatiwa saini mkataba katika Bird's Fort, karibu na hapo, na ardhi ikafunguliwa kwa walowezi. Wilaya ya Fort Worth leo inaitwa Tarrant. Wilaya ya jirani inaitwa Denton. Mwaka 1859 Wacaddo waliosalia Texas wakahamishwa hadi Oklahoma, ambako taifa lao lingalipo.

Nilimpeleka mpwa wangu huko. Kuna kibao cha kumbukumbu karibu na uwanja wa gofu. Tulisimama, tukasoma. Watu walikuwa wakipiga mipira yao midogo myeupe upande wa pili, maji yametulia. Sehemu ya vijiji vile iko chini ya maji hayo. Nikamwambia neno "Texas" limetoka wapi: kwa Kicaddo, "táysha'" ni rafiki. Wahispania walipokelewa kwa neno hilo, wakalifanya jina la watu na la nchi. Mwaka 1930 jimbo likachagua neno "Urafiki" kuwa wito wake rasmi. Jina la rafiki limebaki juu ya ramani yote. Rafiki mwenyewe alifukuzwa.

Mpwa wangu akauliza, "Mbona hawamo kwenye zile sita?"

Ndilo swali. Wacaddo hawamo. Wacomanche, ambao kwa zaidi ya karne moja waliwafanya Wahispania, Wameksiko na Wateksasi waogope kusafiri magharibi, hawamo. Wala hawamo watumwa Waafrika, ambao walikuwa kiasi cha robo milioni Texas pale Jenerali Gordon Granger alipotangaza uhuru wao mjini Galveston, tarehe 19 Juni 1865. Lakini nenda Houston, mtaa wa Third Ward, utaikuta Emancipation Park. Mwaka 1872 watu waliokuwa watumwa miaka saba tu kabla, wakiongozwa na mchungaji Jack Yates, walichanga fedha wakanunua ardhi ekari kumi ili wapate mahali pa kusherehekea siku yao. Siku hiyo ikawa sikukuu ya jimbo mwaka 1980, na ya taifa zima mwaka 2021. Wasio na bendera wameipa dola tarehe katika kalenda.

Mombasa ina mfano wake. Katika kuzingirwa kule kwa miezi 33, maradhi yaliwaua Wareno ngomeni karibu wote. Mwaka 1697 aliyebaki akiishikilia ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili, pamoja na jamaa zake na wanawake wa Kiafrika waliolinda kuta, hadi merikebu ya msaada ilipofika. Vitabu vingi huandika kwamba Wareno walipigana na Waomani. Kwa muda, ukitazama nani alikuwa juu ya ukuta, walipigana Waswahili na wanawake wasiotajwa majina.

Merikebu mbili

Sasa jambo ambalo hunigusa kila ninapolikumbuka. Kaskazini-magharibi ya Houston kuna mji wa College Station, na ndani yake Chuo Kikuu cha Texas A&M. Taasisi ya akiolojia ya baharini, iliyoanzishwa na George Bass, ilihamia hapo mwaka 1976. Mwaka 1977 wataalamu wake, wakiongozwa na Robin Piercy na kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walianza kuzamia chini ya Fort Jesus. Huko ndiko ilikolala Santo António de Tanná, merikebu ya kivita ya Kireno iliyojengwa India, iliyokuja kuiokoa ngome na ikazama Oktoba 1697. Walifanya kazi kwa misimu minne. Walivyovitoa, mizinga, vyungu, vipande vya mbao, vimo leo katika makumbusho ya ngome yenyewe.

Mwaka 1995 ikapatikana merikebu nyingine, safari hii katika ghuba ya Matagorda, kusini-magharibi ya Houston. Ilikuwa La Belle, iliyozama mwaka 1686 na ndoto ya Mfaransa La Salle ya kuanzisha koloni la Ufaransa. Wataalamu wakajenga ukuta wa chuma baharini, wakayafyonza maji yote, wakachimba sakafu ya bahari kama shamba. Mbao zake zikapelekwa College Station kukaushwa kwa baridi kali. Vitu walivyokuta ndani vilizidi milioni moja, na vingi mno vilikuwa shanga za kioo.

Tafakari shanga hizo. Mfaransa hakuja na mizinga peke yake. Alikuja na shanga mamia ya maelfu, kwa sababu alijua atahitaji kununua chakula, njia na urafiki kwa watu ambao bustani ya Arlington haikuwapa mtaa. Pwani yetu pia imejaa shanga za kigeni katika magofu ya miji ya kale. Mtekaji hujiandika kwa bendera, lakini mzigo wake husema alimhitaji nani.

Katika chuo hicho hicho alisoma Martha Wells, mzaliwa wa Fort Worth wa mwaka 1964. Alichukua shahada ya anthropolojia, elimu ya binadamu na desturi zao. Mwaka 1995 alitoa riwaya ya "City of Bones". Mji wake, Charisat, umesimama juu ya jangwa lililobaki baada ya ustaarabu wa watu wa kale kuteketea. Umejengwa kwa ngazi nane: wenye nguvu juu, maskini chini kabisa, na maji yana bei. Shujaa wake si mfalme. Khat ni mtu asiye na haki za uraia anayeishi kwa kununua na kuuza masalia ya wale wa kale, vipande ambavyo hakuna anayejua sawasawa vilikuwa vya kazi gani. Wells alijua kwamba historia ya mji mkongwe tunaifikia hivyo, kipande mkononi, bei inajadiliwa, maana imepotea nusu. Msomaji wake anaujua ukale wa Charisat kwa sababu anauona ukitumika.

Kuushona mji wako

Basi ukikaa kubuni mji wako, iandike orodha ya watekaji ikiwa itakusaidia, kisha igeuze kifudifudi. Kwa kila mtekaji, jibu maswali matano. Aliacha maneno gani, na ni ya jikoni, ya kanisani au ya jela? Sheria gani yake haikufutwa, na nani angeumia ikifutwa? Jengo lake sasa linatumika kwa kazi gani ambayo hakuikusudia? Ni nani alizaliwa upande mmoja akalelewa upande mwingine? Na la mwisho, nani alikuwepo muda wote asitajwe, na jina lake limejificha wapi? Litafute katika mito. Wafalme hubadilisha majina ya miji upesi, lakini jina la mto huulizwa kwa mvuvi.

Si lazima majibu yote yaingie katika riwaya. Mengine yatakaa ndani yako, na msomaji atayahisi bila kuonyeshwa, jinsi mgeni anavyohisi kwamba nyumba ina watu hata kabla hajaitikiwa hodi.

Wiki mbili baadaye kijana alirudi na daftari. Bendera zake saba zilikuwa bado zipo. Ukurasa wa pili alikuwa ameandika habari za mwanamke anayeuza mkate karibu na lango la pili: anahesabu fedha kwa tarakimu za mtekaji wa tatu, anaapa kwa mungu wa mtekaji wa tano, na akikasirika anatukana kwa lugha ya watu wa mtoni waliokuwepo kabla ya wote. Nilimsifu, maana alikuwa amefika.

Ilikuwa jioni, na dada yangu, mama yake, alikuwa jikoni amejifunga leso. Nikamwita kijana aitazame. "Leso" ni Kireno, nikamwambia, ni kitambaa cha kufutia jasho. Inasimuliwa pwani kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua leso sita kwa mkupuo, zikiwa bado hazijakatwa, wakazigawa tatu tatu, wakashona safu mbili kuwa nguo moja ya kujifunga. Baadaye viwanda vikaanza kuichapa nzima. Kwingine ikaitwa kanga, Mombasa ikabaki leso. Mreno ameondoka zamani, Mwarabu amepita, Mhindi na Mwingereza wameiuza, na hakuna katika hao anayeweza kusema ile nguo ni yake. Ni ya aliyeishona.

"Mama, geuka kidogo," akasema mpwa wangu. Akauliza sehemu zake zinaitwaje.

Dada yangu akafungua leso akaitandaza mezani, juu ya daftari. Akagusa ukingo wa pembeni: huu ni pindo. Akagusa maandishi: hili ni jina. Kisha akaweka kiganja katikati, pale panapobaki uwanja mpana uliozungukwa pande zote nne.

"Na hapa," akasema, "panaitwa mji."